Damu Haipigwi Deki

Kamati ya Yad Achim ilikaa vikao vitatu kuamua Merle Garb apewe zawadi gani baada ya kuliongoza shirika miaka thelathini na mmoja, na mwisho ikakubaliana juu ya saa ya ukutani. Mtu anayestaafu, mjumbe mmoja alieleza, sasa anao wakati. Hakuna aliyecheka, kwa hiyo huenda alimaanisha.

Yad Achim ni lile shirika letu sisi Wayahudi wa Johannesburg ambalo mtu hulisema vibaya maadamu ana nguvu, na hulipigia simu nguvu zikimwishia. Linalisha wajane, linawapa wazee vyumba, linawaficha wanawake waliowakimbia waume zao, na linazika. Hilo la mwisho ndilo linaloliletea heshima. Mtu anaweza kuishi miaka themanini mjini hapa bila kuhitaji sahani ya supu ya mwenzake, lakini bado hajatokea aliyejizika.

Merle aliingia mwaka 1981, akiwa na miaka thelathini na minne, shahada ya ustawi wa jamii, viatu visivyo na kisigino, na imani kwamba taabu nyingi za binadamu zinatokana na kutosikilizwa. Alikuwa mwanamke wa kwanza kukikalia kiti kile. Wazee walimpa baada ya wanaume wawili kuuona mshahara. Wiki yake ya tatu kazini, asubuhi ya Julai yenye baridi ya kukata masikio, simu ililia: Leib Segalov kapigwa risasi dukani kwake, mtaa wa Bertrams.

Leib alikuwa na duka la pombe na hakuwa mnywaji. Risasi moja ilimpata shingoni, nyingine kifuani. Waliompiga walichukua pesa za droo na chupa mbili za brandi, tena ya bei ya chini kabisa, jambo ambalo mjane wake alilihesabu kuwa tusi juu ya jeraha. Merle alipofika, polisi walikwisha kuuondoa mwili. Kilichobaki ni sakafu. Mtu mzima ana damu nyingi kuliko anavyodhani, na ya Leib ilikuwa imetoka karibu yote, ikapita chini ya kaunta, ikazizunguka kreti za bia, na pembezoni imeanza kushika utando kama maziwa yaliyopoa.

Merle aliambiwa kwamba mke wa marehemu, Pesha, yuko njiani. Alifikiri jambo ambalo mtu yeyote mwenye huruma angelifikiri: mwanamke huyu asiione. Akavua koti. Akapata ndoo na chupa ya jiki chooni, akapiga magoti, akasugua kwa dakika arobaini. Ndoo tano alizimwaga kwenye mtaro wa nyuma ya duka. Alisugua hata katikati ya vigae, kwa brashi ya kucha aliyoitoa kwenye mkoba wake mwenyewe.

Alikuwa anakausha mikono wakati Zundel Kramer, mkuu wa wazishi wetu, alipoingia na mfuko wake wa vitambaa. Zundel alikuwa mtu wa maneno machache. Aliitazama sakafu, akavuta pumzi, akasikia harufu kama ya bwawa la kuogelea.

"Iko wapi?"

"Nini?"

"Damu."

"Nimesafisha," Merle alisema, na waliokuwepo wanasema alisema kwa fahari kidogo.

Kwetu maiti huoshwa. Watu wake hummwagia maji, humvisha kitani cheupe, na tajiri na maskini hutoka duniani wakiwa wamevaa sawa. Lakini aliyeuawa haoshwi. Anazikwa alivyoanguka, na viatu vyake na shati lake, na damu iliyomtoka pamoja na roho inakusanywa mpaka tone la mwisho: inafyonzwa kwa kitambaa, inakwanguliwa, na ikiwa imenywewa na ubao, ubao unang'olewa, vyote vinaingia naye kaburini. Hakuna anayejua uhai unakaa tone lipi, kwa hiyo halibaki hata moja. Mtoto yeyote aliyelelewa na bibi anayajua haya. Chuo kikuu hawafundishi.

Pesha Segalov alikuwa amesimama mlangoni, koti juu ya aproni ya jikoni. Alikuwa na miaka hamsini na miwili. Aliitazama sakafu, akaitazama ndoo, akaitazama mikono ya Merle iliyochubuliwa na jiki, na akaelewa kabla Zundel hajafungua kinywa tena.

"Nusu ya mume wangu," alisema, "umeimwaga mtaroni."

Merle alijaribu kusema. Pesha akamwinulia kidole.

"Nani kakufundisha? Chuo kikuu?"

Tangu siku hiyo hakumwita jina lingine. Binti wa Chuo Kikuu.

Sasa, kati ya mwaka mpya wetu na siku ya mfungo mkuu zipo siku ambazo mtu huenda kwa kila aliyemkosea akaomba radhi. Mungu husamehe makosa ya kwake. Ya jirani anamwachia jirani, na hapo ndipo Mungu alipoonyesha akili. Sheria ni laini: ukiomba mara tatu na ukakataliwa mara tatu, umekwisha kuachiliwa, na dhambi inahamia kwa mkataaji. Merle aliomba mara tatu mwaka ule ule wa kwanza. Mara ya kwanza Pesha alimwambia, "Mimi sikumwagwa. Muulize Leib." Mara ya pili hakufungua mlango. Mara ya tatu alifungua, akasikiliza mpaka mwisho, akafunga.

Zundel alimwendea Merle ofisini akamweleza kwamba kisheria yuko huru.

"Sheria imeniachilia," Merle alisema. "Yeye hajaniachilia."

Akarudi mwaka uliofuata, na mwaka baada ya huo. Mwaka wa nne Pesha alimwambia apige magoti. Merle akapiga, pale pale kwenye zulia la ukumbini, na Pesha akamtazama kwa huzuni. "Sisi hatupigi magoti mbele ya watu," alisema. "Hata hilo hulijui." Mwaka wa kumi na mbili, Pesha alipokwisha kuhamia kwenye nyumba ya wazee ya shirika, akila chakula cha shirika na kulalia mashuka ya shirika, alimpa jibu refu kuliko yote aliyowahi kumpa: "Supu haina chumvi, mto ni mgumu, na hapana."

Jambo jingine lililotokana na sakafu ile ni kwamba Merle hakumtuma tena mtu. Viongozi wengine wa mashirika hupiga simu; yeye alikwenda. Zundel alimfundisha. Pamba, si sponji, maana sponji inabaki na kitu. Kisu cha fundi rangi kwa vigae. Maji, kamwe. Zulia linakatwa, halisuguliwi. Buti la gari lake likawa na sanduku la vitambaa vyeupe, visu, glovu na mifuko, na watu walioomba lifti walijifunza kuweka mizigo yao mapajani.

Miaka ya themanini alilifungua sanduku hilo mara chache kwa mwaka. Miaka ya tisini alinunua la pili. Mjini Benoni alimkwangua mwenye karakana ukutani, mpaka urefu wa ngazi. Mayfair palikuwa na muuza mapazia aliyekatwa panga mbele ya mkewe juu ya kitambaa cha hariri alichokuwa akimpimia mteja. Mita kumi na nne za hariri zikaingia kaburini, na wapo waliosema alizikwa kama mfalme, yeye ambaye maisha yake yote alikuwa akibishania senti. Kwenye makutano ya barabara Houghton, msichana wa miaka kumi na tisa alichelewa kuwaachia wezi wa magari usukani kwa muda ambao mtu hupepesa jicho. Merle alikikata kiti cha gari kwa kisu cha nyama, akakitoa kizima, na kwa kuwa hakikuingia ndani ya jeneza, kaburi likachimbwa pana zaidi.

Na si wote waliouliwa na wageni. Mwaka 1994, wiki ile nchi nzima ilipopanga foleni kupiga kura, mke wa daktari mmoja wa meno alikutwa bafuni kwake, kichwa kimefunguka. Majirani walisema majambazi. Merle alikaa na sakafu ya bafu ile saa tatu, na sakafu humwambia mengi mtu aliyezoea kuisoma. Majambazi, aliwaza, huwa hawaoshi fimbo ya gofu wakairudisha kwenye mfuko wake. Alipotoka, daktari alikuwa sebuleni ameketi kwenye kiti cha chini kama mfiwa, akinywa chai aliyoletewa na akina mama wa sinagogi. Merle akasimama mbele yake na mfuko mkononi.

"Nimekuta jino lake," alisema. "Wewe ndiye mtaalamu. Unalitaka, au nimzike nalo?"

Kikombe kilianguka. Kabla ya jioni yule bwana alikuwa amekwisha kuwaeleza polisi kila kitu. Kamati ilimwandikia Merle barua ya kumkumbusha kwamba daktari alikuwa mfadhili wa muda mrefu, na kwamba ipo namna ya kuzungumza na wafadhili.

Hivyo ndivyo alivyofika 2012, akiwa na miaka sitini na mitano, magoti mabovu, mume aliyekwisha kufa, na binti Perth, Australia, ambako nusu ya watoto wetu wanaishi na kutupigia simu kutuuliza kwa nini bado tuko hapa. Tiketi ya kuhamia huko ilikuwa ya Alhamisi, siku moja baada ya mfungo. Sherehe ya kumuaga iliwekwa Jumapili, kwenye ukumbi wa nyumba ya wazee, saa kumi alasiri. Lilikuwa limebaki jambo moja tu alilotaka kuondoka nalo, na halikuwa saa ya ukutani. Pesha alikuwa na miaka themanini na mitatu. Akifa bila kutoa radhi, mkosaji anatakiwa asimame kaburini na watu kumi na kumwomba maiti, na Merle alijua vizuri kwamba Pesha akiwa maiti atazidi kuwa mkaidi.

Asubuhi ya Jumapili ile alibisha chumbani kwake. Pesha alikuwa anavalishwa soksi na Dikeledi Mofokeng, aliyefanya kazi pale miaka ishirini na miwili, na aliyejua sahani zipi za nyama na zipi za maziwa, ambazo kwetu hazichanganywi, kuliko wajumbe wengi wa kamati. Merle alisema maneno yake ya kila mwaka.

"Leo utapewa saa," Pesha alimwambia. "Usiwe mlafi."

"Naondoka Alhamisi, Bi Segalov. Sitarudi mwakani."

"Kumbe safari hii utaniacha nipumzike." Akamgeukia Dikeledi. "Nikalishe mstari wa mbele. Nimengoja miaka thelathini na mmoja kumwona huyu anaondoka, sitaki kichwa cha mtu mbele yangu."

Wageni walikuwa kama sitini. Meza ilikuwa na keki, siagi, jibini, samaki wa heringi aliyesagwa na vile vibiskuti vyepesi vya kichel ambavyo bila heringi havina sababu ya kuwepo. Anayempokea Merle kiti, kijana wa miaka arobaini aitwaye Craig Hirschowitz, mwenye shahada ya uongozi wa biashara, alikuwa anaeleza juu ya ubora wa huduma. Alikuwa amefikia hoja ya nne wakati mlango wa jikoni ulipofunguka wakaingia wanaume wanne na maua. Mlinzi wa getini alikuwa ameambiwa atarajie maua. Nyuma yao walimburuta yeye mwenyewe, taya limevunjika, meno yake yakiwa kwenye kola ya shati.

Bastola zilitoka ndani ya maua. Wageni wakalala chini, Craig akiwa wa kwanza, kwa utaratibu mzuri. Wazee wa viti vya magurudumu na wa fimbo waliruhusiwa kubaki walivyo. Mfuko ukapita: saa, simu, mikufu, hereni, nyingine zikichomolewa na ngozi yake. Mzee mmoja aliyechelewa kuvua miwani ya dhahabu alipigwa teke la uso, miwani ikavunjika ikabaki kwenye nyusi. Sauti pekee iliyosikika ni ya vitu kuingia mfukoni.

Mdogo wao alifika mstari wa mbele.

"Gogo, pete," alimwambia Pesha, akimwita bibi kwa Kizulu, kwa adabu kiasi.

"Haitoki. Niliivaa 1950. Vidole vikanenepa bila kuniuliza."

Kijana akaivuta. Ngozi ikakunjika mbele ya pete, ikachanika, damu ikatoka kwenye kifundo, na pete ikabaki palepale. Pesha alimkodolea macho kama anayemkadiria ng'ombe. Kijana akageuka, akachukua kisu kirefu kilichokuwa kwenye keki, bado kina krimu, akaushika mkono wa Pesha akaulaza juu ya kiegemeo cha kiti.

Merle akainuka kutoka sakafuni.

"Weka kisu, mwanangu," alisema, kwa ile sauti aliyowasemeza wajane miaka yote. "Inatoka kwa siagi. Siagi hiyo hapo. Nipe dakika moja tu."

Ulikuwa ushauri mzuri, na ulitolewa kwa nia safi. Kijana akadhani anafanyiwa mzaha. Alimpiga kwa kitako cha bastola katikati ya paji la uso. Merle aliyumba, akabaki amesimama kati yake na kiti, mkono umenyooka kuelekea siagi. Akampiga tena, mara hii juu ya sikio, na Merle akaanguka, njiani kichwa kikakutana na kona ya meza, mlio wake kama nazi ikipasuliwa. Chini akapigwa mateke mawili ya mbavu. Mwenzake akaita kwamba muda umekwisha. Kijana akapiga risasi moja darini kwa hasira, lipu ikaiangukia heringi, wakatoka walikoingilia.

Walichukua kila kitu chenye thamani isipokuwa pete ile. Saa ya ukutani waliiacha.

Kichwa kinavuja kuliko mahali pengine popote. Damu ya Merle ilitandaa juu ya mbao za ukumbi, ikafuata mteremko mdogo ambao hakuna aliyewahi kujua kwamba upo, ikaenda kuigusa ncha ya kiatu cha Pesha. Watu walianza kuinuka. Craig aliinuka pia. Aliona damu, akaona wafadhili, akaona wazee wa miaka tisini wakitetemeka, na akafikiri jambo ambalo mtu yeyote mwenye huruma angelifikiri. Tumtendee haki: hakumtuma mtu, alikimbia mwenyewe. Alirudi na ndoo na dekio, jiki ikinuka tangu mlangoni.

"Bosi," Dikeledi alimwambia, akiwa amepiga magoti kambana Merle jeraha kwa kitambaa cha meza, "weka hiyo ndoo chini."

"Ambulensi inakuja. Watu wanaona, Dikeledi. Wazee wanaona."

"Waone. Weka chini."

Craig akalichovya dekio. Pesha alikuwa na fimbo ya mti mgumu yenye chuma nchani. Hatujui mwanamke wa umri ule aliipata wapi nguvu ile. Aliizungusha kwa mikono miwili, ikashuka juu ya kifundo cha mkono wa Craig, na mfupa ukasikika mpaka mstari wa nyuma. Dekio likaanguka.

"Wewe pia wa chuo kikuu?" akamuuliza.

Kisha akashuka. Ilimchukua muda: kwanza kiti, halafu goti moja, halafu la pili, na kila moja lililia. Akaomba vitambaa vya kitani vilivyokunjwa kwenye sahani. Dikeledi, mkono mmoja ukiwa bado kichwani kwa Merle, akamsogezea kwa mwingine. Pesha akaanza kukusanya, kitambaa kwa kitambaa, akikandamiza, si kusugua, kutoka pembeni kuja katikati, kama inavyotakiwa. Palipokuwa na ufa kwenye ubao alitumia kisu cha siagi. Ukumbi mzima ulimtazama.

Merle alifungua jicho moja.

"Bi Segalov. Mimi bado mzima."

"Naona. Usitikisike, unanimwagia."

"Kwa mtu mzima haihitajiki."

"Sasa ndiyo umejua sheria?" Pesha alisema, akaendelea.

Hospitali walimshona nyuzi kumi na nne, wakakuta ufa kwenye fuvu na mbavu mbili zilizovunjika, wakamkataza ndege wiki sita. Binti yake alilia simuni kutoka Perth akasema si nilikwambia, maneno ambayo ndiyo salamu ya Perth. Jumatatu alasiri aliingia Zundel Kramer, sasa ana miaka sabini na sita, kofia mkononi. Alivuta kiti karibu na kitanda. Halafu akasema kwamba katumwa.

"Pesha ana mfuko kwenye droo ya soksi," alisema. "Ndani yake umo wewe."

"Anautaka wa nini?"

"Anataka uzikwe. Yaani, hicho kiasi. Kwa Leib."

Merle alitazama dari.

"Amesema hivi, na nayarudia alivyosema, mimi sina langu hapo: alimwaga ya Leib, atie ya kwake. Anasema Leib amelala miaka thelathini na mmoja akiwa amepungua."

"Sheria inasemaje?"

Zundel aliigeuza kofia. Usiku uliopita alikuwa amefungua vitabu vitano na kuwaamsha marabi wawili. "Damu ya aliye hai si lazima kuizika. Kuizika si haramu. Kuizika kwenye kaburi la mtu mwingine ili kumjaza—" Akainua mabega. "Sheria haisemi ndiyo, haisemi hapana. Sheria haikumfikiria Pesha."

Jumanne asubuhi, mfungo ukingoja jua lizame, Merle alijiandikia ruhusa ya kutoka hospitali mwenyewe. Zundel aliendesha. Makaburini palikuwa na watu wengi, maana ni siku hizo tunazowatembelea wafu wetu, lakini safu ya Leib ni ya zamani na wengi wenye watu pale wako Australia. Dikeledi alikuwa amekwisha kufika na Pesha, amemketisha kwenye kiti cha plastiki, blanketi mapajani, mfuko juu ya blanketi. Kidole cha pete kilikuwa na bandeji, pete ikiwa imetokeza chini yake.

Merle alichukua beleshi. Alipolikita ardhini mara ya kwanza alijikunja kwa mbavu, na Zundel akasogea.

"Mwache," Pesha alisema. "Hata deki alipiga peke yake."

Alichimba karibu na miguu ya kaburi, kina cha mkono mmoja. Ilikuwa kazi ya dakika kumi. Yeye ilimchukua karibu saa. Udongo wa Johannesburg mwishoni mwa Septemba, kabla mvua haijaja, ni kama tofali. Jasho lilimchuruzika chini ya bandeji, na uzi mmoja juu ya nyusi ukaachia, tone likaangukia shimoni.

"Hilo nyongeza," Pesha alisema.

Merle alivitoa vile vitambaa mfukoni, kimoja kimoja. Vilikuwa vimekauka, rangi ya chai iliyokolea, vigumu kama ngozi ya kiatu. Vilikuwa kumi na saba. Akavilaza. Akafukia mara tatu za kwanza kwa mgongo wa beleshi, kama desturi, kuonyesha kwamba mtu hana haraka na kazi hii, halafu akasimama kupumua. Alikuwa mweupe kama lile kaburi. Akaanza maneno yake ya kila mwaka, yale yale, kwa sauti ambayo haikumfikia hata Zundel aliyekuwa hatua tatu kutoka hapo.

Pesha hakumngoja amalize. Alisimama, akimshika Dikeledi.

"Nipe hilo beleshi."

Merle akalichomeka kwenye udongo na kuondoa mkono. Kwetu beleshi la kaburini hatupokezani mkono kwa mkono, mtu asije akamkabidhi mwenzake msiba. Analichomeka, na anayefuata analing'oa mwenyewe. Alijifunza hilo kwa Zundel, mwaka wa kwanza, na hakuwahi kulikosea.

Pesha hakulitazama lilipochomekwa. Alikuwa amenyoosha mkono, ule wenye bandeji.

"Nimesema nipe."

"Hatupokezani, Bi Segalov."

"Hiyo kwenye mazishi. Leo kafa nani?"

Merle alimtazama Zundel. Zundel alikuwa anasoma jina kwenye kaburi la jirani, kwa makini, kama hajawahi kuliona, na alilichimba yeye.

Akaling'oa beleshi, akampa. Vidole vyao vilikutana kwenye mpini, na Pesha hakuvitoa upesi.

"Wiki sita, wamesema?" aliuliza.

"Wiki sita."

"Basi wiki hizo waambie watu wako wa jikoni kuhusu chumvi."

Akafukia. Beleshi lilikuwa zito kwake na udongo mwingi ulianguka pembeni, na ilibidi ajiegemeze begani kwa Merle, upande wa mbavu mbovu, kwa sababu fimbo iliyomvunja Craig mkono ilikuwa bado polisi.